Kero ya mtaa England: jinsi ya kuifikisha kwa polisi wa mtaa wako na kuifuatilia

Ujumbe huja karibu kila wiki, na maneno hayabadiliki sana. "Vijana wamefanya ngazi zetu kijiwe, moshi wa bangi mpaka chumbani kwa watoto. Nimeshapiga polisi mara mbili, hawaji. Nifanyeje?" Mimi huuliza: ulipiga nambari gani, na uliwaambia nini? Hapo ndipo mambo huanza kujulikana. Mmoja alipiga 999 kwa ajili ya muziki wa jirani. Mwingine alipiga 101, akasema "hapa kwetu kuna fujo sana", akakata simu. Wa tatu hakupiga kokote. Aliandika kwenye grupu la WhatsApp la jengo, akaona ameripoti.

Basi nimeyaandika yote mahali pamoja. Ni kwa wanaoishi England na Wales tu. Scotland na Ireland Kaskazini wana polisi wao na taratibu zao.

Kwanza uwajue unaowaendea. Kila eneo, mara nyingi kata moja au chache, lina timu yake ya polisi wa mtaa. London huitwa Safer Neighbourhood Team. Kwingine jina hubadilika kidogo. Kazi yao si kukimbilia simu za dharura, hao ni wenzao wa zamu. Hawa wanatakiwa kulijua eneo: kichochoro kipi hakina taa, duka lipi linawauzia watoto pombe, nani kaanza kuogopa kutoka nje. Utawaona wa aina mbili: askari kamili, na PCSO, yaani afisa msaidizi ambaye kofia yake ina utepe wa buluu. PCSO walianzishwa kwa sheria ya 2002. Kwa kawaida hawakamati, ila wanaweza kumnyang'anya kijana pombe au kumtaka anayeleta usumbufu ataje jina na anwani. Usimdharau PCSO. Askari huhamishwa huku na kule. Yeye mara nyingi ndiye aliyedumu na ndiye anayeujua mtaa.

Aprili 2025 serikali ilitoa ahadi kwamba kila mtaa utakuwa na askari anayejulikana kwa jina na anayepatikana, na kwamba maswali ya wakazi kwa timu hizi yajibiwe ndani ya saa 72. Ishike hiyo 72, tutaihitaji.

Kabla hujaanza, uwe na:

- postikodi ya mahali penye kero (si lazima iwe ya nyumbani kwako);
- daftari, au sehemu moja tu kwenye simu ya kuandikia matukio;
- jina la mwenye jengo: ni halmashauri, shirika la nyumba, au mtu binafsi?
- majirani wawili watatu ambao kero inawagusa pia;
- barua pepe unayoifungua kweli.

Kiingereza kizuri hakimo kwenye orodha. Ukipiga 101 au 999, tamka "Swahili" polepole na usikate simu. Watakutafutia mkalimani kwa simu, wala hulipi.

Hatua ya 1: Tenga dharura na kero

999 ni pale mtu yuko hatarini, uhalifu unatendeka sasa hivi, au mhalifu bado yupo karibu. Mengine yote ni 101, au fomu iliyo kwenye tovuti ya polisi wa eneo lako. Simu ya 101 ni bure tangu Aprili 2020. Husubirisha, nakiri, fomu ina nafuu kwa asiye na haraka, tena unabaki na nakala ya ulichoandika.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui. Ukipiga 999 kwa simu ya mkononi na huwezi kusema, opereta atakuomba ukohoe au ugonge simu. Ukishindwa hata hilo, utaelekezwa kubonyeza 55, na hapo unaunganishwa na polisi. Usipobonyeza, simu inaweza kukatwa. Na kubonyeza 55 hakuwaonyeshi ulipo, kwa hiyo jitahidi kunong'ona hata jina la barabara.

Hatua ya 2: Hakikisha mlango unaobisha ndio wenyewe

Hapa ndipo wiki nyingi hupotea. Muziki usiku, taka zilizotupwa na gari lililotelekezwa ni vya halmashauri. Taa ya barabarani iliyokufa pia ni yao. Nguzo nyingi zina nambari iliyobandikwa, soma hiyo uwape, watafika kwenye nguzo bila kuuliza tena. Mlango mbovu wa jengo ni wa mwenye nyumba.

Za polisi ni kuuza dawa za kulevya, vitisho, wizi, kundi linalotisha wapita njia, na pikipiki au skuta za umeme zinazopita kwenye njia ya miguu. Skuta ya umeme ya mtu binafsi hairuhusiwi barabarani wala kwenye njia ya miguu, na polisi wanaweza kuichukua.

Ukitukanwa au kushambuliwa kwa sababu ya rangi, dini au asili yako, liseme hilo waziwazi mwanzoni kabisa. Huandikwa kama uhalifu wa chuki. Wengi wetu tunalimeza, tunasema tu "alinitukana", na rekodi inakwenda hivyohivyo.

Kero nyingi ni za pande mbili, na hilo halina shida. Tangu sheria ya 1998 polisi na halmashauri wanatakiwa kushirikiana katika usalama wa eneo. Peleka kote kuwili, na kila upande uambie umepeleka kwa mwenzake.

Hatua ya 3: Itafute timu yako

Fungua police.uk, andika postikodi. Utaona ukurasa wa mtaa wenu: majina ya maafisa, namna ya kuwapata, mikutano ijayo, na mambo ambayo timu imejiwekea kuyashughulikia kwanza. Hicho kipengele cha mwisho kisome vizuri. Kama hapo pameandikwa wizi wa magari na wewe kero yako ni ngazi, umeshajua kwa nini hukumwona mtu. Kazi yako ni kuiingiza kero yako kwenye orodha hiyo.

Ukurasa huohuo una ramani ya uhalifu. Alama zake huwekwa kwa kukadiria, "karibu na" barabara fulani, kulinda faragha ya walioathirika. Usiende mkutanoni kubishana kuhusu kidoto kilichokaa mbele ya nyumba ya jirani.

Hatua ya 4: Andika daftari la kero kwa wiki mbili

Ukifanya hatua moja tu katika hizi zote, fanya hii. Hasira haina anwani wala saa. Askari hawezi kupanga doria kwa hasira.

Hivi ndivyo wengi huandika:

"Jumamosi. Wale vijana tena. Kelele. Tumechoka."

Na hivi ndivyo kunavyosaidia:

"Jumamosi, 21:40 mpaka 23:15. Mlango wa nyuma, chini ya ngazi. Watano. Mmoja koti jekundu, baiskeli ya umeme nyeusi. Watu wanne wamekuja kwa nyakati tofauti, kila mmoja hakumaliza dakika mbili. Wameingia kwa kubonyeza kitufe cha nje, hawakuwa na ufunguo. Mama wa ghorofa ya tatu amerudi dukani, akawaona, akageuka."

Ya pili inampa askari siku, saa, mahali, namna ya kuingia na nani anaumia. Wale wageni wa dakika mbili wanamwambia kinachouzwa bila wewe kutamka neno.

Angalizo la saa, na ni letu sisi peke yetu: andika kwa saa 24. Jirani yangu aliandika 3:40, akimaanisha saa tatu na dakika arobaini usiku, kama anavyosema kila siku. Afisa akasoma saa tisa na dakika arobaini, kabla ya alfajiri. Wiki nzima timu ikaamini kwamba kero hutokea wakati ambao jengo zima limelala, na kamera zikaangaliwa saa ambazo hakukuwa na mtu.

Makosa mengine ya daftari:

- Kueleza mtu kwa dhana. "Sura ya mwizi" si maelezo. Andika alichofanya na alichovaa.
- Kuwafuata na simu kuwapiga picha usoni. Usipate makonde kwa ajili ya ushahidi. Andika ukiwa dirishani.
- Kusambaza video kwenye grupu. Akiwamo mtoto wa mtu asiyehusika, mmeanzisha ugomvi mwingine.
- Kutia chumvi. Kutoa taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa, na zaidi ya hapo, wakikukuta mara moja umeongeza kisu ambacho hakikuwepo, kila utakachosema baadaye kitapimwa kwa kisu hicho.

Kamera ya mlangoni inaruhusiwa, lakini ikianza kuona nje ya mipaka ya nyumba yako, unabeba majukumu ya sheria ya kulinda taarifa za watu. Igeuze iangalie mlango wako.

Hatua ya 5: Ripoti kila tukio, na kila nyumba iripoti yenyewe

Ripoti ya mtu mmoja kwa niaba ya "jengo zima" huhesabiwa kuwa ni moja. Nyumba sita zikiripoti, ni sita, na sura ya tatizo kwenye kompyuta yao hubadilika. Kila mara omba nambari ya kumbukumbu, uiandike pembeni mwa tukio lilelile daftarini. Usikubali kukata simu bila nambari. Baadaye hizi nambari ndizo zitakazokutetea.

Kwa anayeogopa kabisa kujulikana kuna Crimestoppers, 0800 555 111. Ni shirika la hisani, si polisi, na hawakuulizi jina. Upande wa pili ni kwamba hawatakupigia kukueleza kilichotokea, na hupati nambari ya kumbukumbu ya polisi. Kwa muuza unga ni njia nzuri. Kwa kero inayojirudia haitoshi peke yake.

Kama hati zako za kuishi nchini hazijakaa sawa, ujue kwamba polisi wanaweza kupeleka taarifa kwa wizara inayohusika na uhamiaji. Hatari ikiwa ya sasa hivi, piga 999 tu, uhai kwanza. Kwa yasiyo ya dharura, zungumza na mshauri wa sheria za uhamiaji kabla, au tumia Crimestoppers.

Hatua ya 6: Onana na timu, na uwaonyeshe

Timu hufanya mikutano ya wakazi, na mara nyingine hukaa tu maktaba au kwenye kituo cha jamii wakisubiri watu. Watu huwa wachache ajabu. Nimewahi kuhudhuria mkutano wa kata wenye wakazi wanane, na mambo ya kushughulikiwa kwa miezi iliyofuata yakapangwa na hao wanane. Sita walitoka barabara moja. Unaweza kukisia doria zilikwenda wapi.

Nenda na majirani wawili. Andaa sentensi tatu: nini kinatokea, wapi na saa ngapi, nani anaumia. Kisha weka daftari mezani. Acha historia ya miaka sita ya ugomvi na jirani. Ukianza nayo, watasikia ugomvi tu.

Halafu omba waje muione sehemu pamoja. Kwetu tulilalamika miezi juu ya ngazi. Siku PCSO alipokuja kwa miadi, saa tatu usiku, hakuuliza habari za vijana. Alisimama nje, akaangalia ubao wa vitufe vya nyumba, akabonyeza kile cha chini kilichoandikwa "Trade", cha watu wa posta na wasafishaji. Mlango ukalia, ukafunguka. Kitufe hicho hutakiwa kufanya kazi asubuhi mpaka mchana tu, kwa kipima saa kilichomo ndani ya mtambo. Kipima saa kilikuwa kimeharibika, na sisi tulikuwa tunaishi na mlango wazi saa 24. Alipiga picha, akamwandikia mwenye jengo siku ileile kwa barua pepe ya polisi. Sisi tulikuwa tumeandika mara tatu bila jibu. Fundi alikuja baada ya siku tano.

Hatua ya 7: Jua wanachoweza kufanya, uombe kwa jina

Timu nzuri hufuata mpangilio ule aliouonyesha PCSO wetu: angalia tatizo, tafuta kinacholilisha, chukua hatua, rudi upime. Kukamata ni sehemu ndogo. Haya ni baadhi ya wanayoweza kufanya, mengi kwa sheria ya 2014 ya kero za kijamii:

- Amri ya kutawanya. Inspekta akiidhinisha, kwa muda usiozidi saa 48 mtu anaweza kuamriwa aondoke eneo fulani. Akirudi, ni kosa. Inafaa mwisho wa wiki mmoja mbaya, si dawa ya kudumu.
- Notisi kwa mtu au biashara inayoleta usumbufu wa kudumu. Kwanza hupewa onyo la maandishi, kisha notisi, na kuivunja notisi ni kosa.
- Kufunga nyumba. Nyumba ikigeuka pango la dawa, polisi au halmashauri huanza na notisi ya hadi saa 48, kisha mahakama inaweza kuifunga kwa miezi mitatu, na ikiongezwa isizidi sita kwa jumla.
- Amri ya eneo la umma. Hii hutolewa na halmashauri, hudumu hadi miaka mitatu na inaweza kurefushwa. Kwa mfano, kukataza ulevi kwenye bustani fulani.
- Onyo kwa dereva wa pikipiki au gari anayesumbua, na akirudia kuchukuliwa chombo.

Huna haja ya kujifanya wakili. Uliza tu: "Kati ya hatua mlizonazo, ipi inafaa hapa, na kama haifai, kwa nini?" Swali hilo hulazimu jibu lenye maana kuliko "mnafanya nini nyie?"

Usishangae ukiombwa jambo dogo pia, kama kukata ua lililoziba dirisha la ngazi au kubadilisha balbu. Si kukukwepa. Mtu anayeuza unga hapendi kuonekana.

Hatua ya 8: Fuatilia kwa tarehe

Kabla ya kuagana, panga nao tarehe ya kuwasiliana tena. Tuma barua pepe fupi jioni ileile: "Ahsante kwa kuja. Mlisema mtafanya hiki na hiki, sisi tutafanya hiki. Tutaongea tarehe fulani." Endelea na daftari hata mambo yakitulia. Baada ya wiki sita utaweza kusema kutoka usiku tano kwa wiki tumefika usiku mmoja, au hapana, hakuna kilichobadilika. Zote mbili ni habari wanazozihitaji.

Mambo yakikwama

*Nimeandika, hakuna jibu.* Saa 72 zikipita, andika tena ukiitaja ahadi hiyo na nambari zako za kumbukumbu, safari hii ukimnakili diwani wako. Diwani kunakiliwa hufanya maajabu. Kimya kikiendelea, omba jina la sajini wa timu.

*Wameniambia si kosa la jinai.* Huenda ni kweli. Kero si lazima iwe jinai ili ishughulikiwe. Sheria ya 2014 ipo kwa ajili hiyo hasa. Waambie unaripoti usumbufu unaojirudia, na upeleke pia kwa mwenye nyumba. Halmashauri na mashirika mengi ya nyumba yana afisa wa kero, ingawa mara nyingi hakuna anayekuambia yupo.

*Nimeripoti mara tatu, bado kumekaa vilevile.* Hapa nambari zako zinakuwa mali. Una haki ya kudai mapitio ya shauri. Tafuta maneno "ASB case review" (ASB ni kifupi cha "anti-social behaviour", yaani kero za kijamii) pamoja na jina la halmashauri yako. Kigezo hakitakiwi kuwa kikubwa kuliko malalamiko matatu ndani ya miezi sita, na kila lalamiko liwe lilitolewa ndani ya mwezi mmoja wa tukio. Likikubaliwa, polisi, halmashauri na wahusika wengine hukalishwa meza moja wajibu nani alifanya nini. Walioripoti kwa mdomo kwenye korido hukwama hapa.

*Naogopa watajua ni mimi.* Mwambie afisa asije mlangoni kwako akiwa na sare. Omba simu au mkutane maktaba. Wamezoea. Waulize pia iwapo jina lako litatajwa popote kabla hujakubali kuandika maelezo ya ushahidi.

*Afisa tuliyemzoea amehamishwa.* Hutokea sana. Mpelekee mgeni nakala ya barua pepe zote na umwombe aje kutembea, kama vile hujawahi kumwona polisi. Usitegemee kwamba aliachiwa faili.

*Afisa mwenyewe alinitendea vibaya.* Hilo ni lalamiko juu ya mwenendo, njia yake ni nyingine: kwanza kitengo cha viwango cha polisi hao hao, na lipo shirika huru la IOPC linalosimamia mfumo wa malalamiko. Usilichanganye na kero ya ngazi kwenye barua moja, yote mawili yatapotea.

*Wamehamia mtaa wa pili.* Waambie polisi, na watafuteni wakazi wa huko muwape mfano wa daftari lenu. Mara nyingi kundi likihamishwa mara mbili tatu hupungua.

*Kero imerudi baada ya miezi kadhaa.* Angalia kalenda kabla ya kulaumu mtu. Saa hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, giza linaingia mapema, na vipima saa vya milango na taa visivyorekebishwa hubaki kwenye saa ya kiangazi. Kwetu sasa kuna mtu wa zamu wa kubonyeza "Trade" saa 13:30 na tena saa 19:00, wiki ya kwanza ya Novemba. Mlango ukifunguka, barua pepe inakwenda kwa mwenye jengo usiku uleule, nakala kwa PCSO.